Faili la Kichwa Likikosekana: Somo kwa Wanaojenga Kerneli ya Linux



Nataka kuwaeleza jambo moja linalowasumbua wengi waanzao kujenga kerneli ya Linux, nalo ni kukosekana kwa mafaili ya kichwa. Jambo lenyewe ni dogo kwa mtu alifahamuye, lakini kwa asiyelifahamu laweza kumpotezea siku nzima, na pengine kuharibu kazi za watu wengine zilizomo katika diski. Kompyuta nyingi katika shule zetu zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia sisi, na vifaa vyake havipatani kila mara na programu tulizo nazo. Kwa hiyo yatupasa tujue kuzitengeneza wenyewe. Kompyuta nzima yaweza kuwekwa kando, ikasemwa kwamba imekufa, kumbe kilichokosekana ni faili moja tu.

KERNELI NI NINI, NA FAILI LA KICHWA NI NINI?

Kerneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji. Ndiyo igawayo kumbukumbu ya kompyuta, ndiyo ipangayo zamu za programu, na ndiyo isemayo na diski, kibodi na kadi ya mtandao. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21, yaani miwili tu zaidi ya umri wangu. Chanzo chake, maana yake programu kama ilivyoandikwa na watu, ki wazi kwa mtu ye yote kukisoma na kukibadili. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliibuni huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Katika lugha ya C programu kubwa haiandikwi katika faili moja. Hugawanywa katika mafaili mengi, na kila moja hutafsiriwa peke yake kuwa lugha ya mashine. Programu ifanyayo kazi hiyo ya kutafsiri huitwa kompaila. Sasa, kompaila inapotafsiri faili moja haiyaoni yale mengine. Itajuaje basi kwamba jina fulani lililotajwa humo ni la kazi iliyoandikwa mahali pengine, na kwamba kazi hiyo yataka kupewa vitu vingapi na vya ukubwa gani? Hujulishwa na faili la kichwa, ambalo jina lake huishia kwa nukta na herufi h. Mwandishi huliita juu kabisa ya faili lake, kama hivi:

#include <linux/module.h>

Nitatoa mfano. Mtu anajenga nyumba. Mwashi yuko kiwanjani anainua kuta na kuacha nafasi ya mlango; seremala yuko mbali katika karakana yake anatengeneza mlango wenyewe. Hawaonani. Kinachowapatanisha ni karatasi ya vipimo: urefu kadha, upana kadha, bawaba upande wa kushoto. Karatasi hiyo si mlango wala si ukuta, lakini bila ya hiyo seremala hawezi kuanza kazi. Faili la kichwa ndilo karatasi ya vipimo. Naomba mwukumbuke mfano huu, kwa maana nitaurudia.

SOMA KOSA LA KWANZA, SI LA MWISHO

Mtu ajengapo kerneli, maelfu ya mistari hupita katika skrini. Kazi ikikwama, macho yake hutua kwenye mistari ya mwisho, yenye nyota tatu na neno Error. Mistari hiyo haimfundishi neno. Ni kama nyapara akimwambia nyapara mwenziwe kwamba kazi imesimama, naye akimwambia mkubwa wake. Sababu yenyewe iko juu zaidi, nayo hufanana na hii:

scripts/sign-file.c:25:10: fatal error: openssl/opensslv.h: No such file or directory

Tuusome mstari huu kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza, scripts/sign-file.c, ni faili lililokuwa likitafsiriwa. Namba 25 ni mstari wa faili hilo, na 10 ni nafasi ya herufi katika mstari huo. Kisha huja jina la faili lililotafutwa, openssl/opensslv.h. Maneno ya mwisho maana yake ni kwamba hakuna faili wala folda yenye jina hilo.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Kompaila haisemi kwamba faili hilo halimo katika kompyuta yako. Yasema tu kwamba haikuliona katika mahali ilipoambiwa itafute. Jina likiwekwa katika alama za mtajo, kompaila hutafuta kwanza katika folda ile ile lilimo faili linaloita, kisha katika orodha ya mahali pengine. Jina likiwekwa kati ya alama < na >, folda hiyo huachwa na kompaila huenda moja kwa moja kwenye orodha. Kwa hiyo faili laweza kuwamo diskini, lisionekane.

Watu wengi huongeza maneno -j4 au -j8 katika amri ya make ili kazi nyingi zifanywe kwa wakati mmoja. Ni vizuri kwa haraka, lakini mistari huchanganyika, na kosa hufichika katikati. Dawa yake ni kuyaandika maneno yote katika faili, kisha kulitafuta kosa humo:

make 2>&1 | tee kumbukumbu.txt
grep -n "fatal error" kumbukumbu.txt

Shughulikia la kwanza, ujenge tena. Mara nyingi yaliyofuata huwa ni watoto wake.

KOO NNE ZA MAFAILI YA KICHWA

Ukisha kulijua jina la faili lililokosekana, usikimbilie kulitafuta. Jiulize kwanza: faili hili ni la ukoo gani? Kila ukoo una kwao, na kila ukoo una dawa yake. Mtu atumiaye dawa ya ukoo mmoja kwa ukoo mwingine huongeza ugonjwa.

1. Mafaili ya zana

Mwashi kabla ya kuinua ukuta hujitengenezea ngazi na jukwaa. Kerneli nayo, kabla ya kujengwa, hujengewa zana ndogo ndogo. Moja hutia sahihi katika moduli ili kerneli izitambue. Nyingine, iitwayo objtool, hukagua mafaili yaliyokwisha kutafsiriwa. Zana hizi hazitakuwa sehemu ya kerneli. Hufanya kazi katika kompyuta uliyokalia, na kwa hiyo hutumia maktaba za kawaida za kompyuta hiyo, ambazo mafaili yake ya kichwa hukaa katika folda ya /usr/include.

Utazitambua kwa dalili mbili. Faili linalotafsiriwa aghalabu huwa katika folda ya scripts, certs au tools. Na mara nyingi skrini huonyesha neno HOSTCC badala ya CC peke yake. Yanayokosekana zaidi ni haya: mafaili ya openssl, ambayo katika Debian na Ubuntu hupatikana kwa kifurushi cha libssl-dev, na katika Fedora kwa openssl-devel, gelf.h na libelf.h, ambayo hupatikana kwa libelf-dev, au elfutils-libelf-devel, na ncurses.h, ya wale wapendao kuchagua kwa menyu, ambayo hupatikana kwa libncurses-dev, au ncurses-devel.

Wengi huuliza: "Mbona OpenSSL imo tayari katika kompyuta yangu?" Ni kweli imo, lakini iliyomo ni ile ya kutumia. Katika Debian 12 maktaba yenyewe imo katika kifurushi cha libssl3, na karatasi zake za vipimo zimo katika libssl-dev. Mwenye nyumba anahitaji mlango tu. Seremala ndiye anayehitaji karatasi. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wa Linux huvitenga, ili asiyejenga programu asijaziwe diski bure.

Kama hukijui kifurushi chenye faili unalolitaka, yako maneno ya kuuliza. Katika Debian, ukisha kuweka programu ya apt-file na kuipa orodha mpya kwa amri ya apt-file update, andika:

apt-file search openssl/opensslv.h

Katika Fedora andika:

dnf provides "*/openssl/opensslv.h"

Tena, ndani ya chanzo cha kerneli chenyewe mna faili liitwalo Documentation/process/changes.rst. Humo zimetajwa zana zote zinazohitajiwa pamoja na matoleo yake ya chini kabisa. Lisome kabla ya kuanza, hasa kama huna intaneti kila saa.

2. Mafaili ya kerneli yenyewe

Haya ni yale ambayo majina yake huanza kwa linux/ au asm/. Hukaa ndani ya chanzo cha kerneli, katika folda ya include na katika folda ya aina ya mashine, mathalani arch/x86/include.

Kerneli haitumii maktaba za kawaida, kwa sababu maktaba hizo husimama juu yake; msingi hauwezi kusimama juu ya paa. Kwa hiyo kompaila hupewa amri ya -nostdinc, yaani isitazame katika /usr/include hata kidogo. Hii ndiyo sababu mwanafunzi anayeandika moduli yake ya kwanza, akaanza kwa stdio.h kama alivyofundishwa darasani, huambiwa kwamba faili hilo halipo. Linalo kwao, na liko diskini, lakini hapa si kwao. Asiweke kifurushi kipya. Afute mstari huo, na badala ya printf atumie printk, ambayo ni ya kerneli.

Vile vile msidanganywe na folda ya /usr/include/linux. Jina lafanana, lakini mafaili yaliyomo ni kwa ajili ya programu za kawaida zinazotaka kusema na kerneli. Katika Debian huletwa na kifurushi cha linux-libc-dev. Katika miaka ya 1990 ilikuwa desturi ya watu wengi kuifanya folda hiyo kuwa kiungo kinachoelekeza kwenye chanzo cha kerneli. Desturi hiyo ilileta fujo, maana kila kerneli mpya ilibadili vipimo ambavyo maktaba zilikwisha kujengwa navyo. Mwaka 2000 Torvalds mwenyewe aliwaasa watu waiache. Mafundisho ya zamani bado yanazunguka, na mtu ayafuataye leo hujitafutia taabu.

3. Mafaili yanayozaliwa wakati wa ujenzi

Yako mafaili ambayo hayamo katika chanzo ulichokipakua, wala hutayapata kwa mtu. Huandikwa na mashine wakati wa kujenga. Mashuhuri kati ya hayo ni include/generated/autoconf.h. Humo huandikwa machaguo yako yote: kerneli iwe na sauti au isiwe nayo, iendeshe kadi hii au ile. Machaguo hayo hutoka katika faili la .config. Basi kama hujachagua, faili haliwezi kuzaliwa, na utaambiwa kwamba mpangilio wa kerneli si halali.

Dawa ni kuchukua machaguo ya kerneli unayoitumia sasa, kuyapatanisha na chanzo kipya, kisha kuyazalisha mafaili:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make prepare

Ikiwa chanzo kimechafuka kwa ujenzi wa nyuma uliokatizwa, labda kwa umeme kuzimika, kuna amri ya make mrproper inayosafisha kila kitu. Lakini jihadhari: hufuta na .config. Linakili kwanza mahali pengine, hasa kama ulikesha ukichagua.

4. Mafaili ya kerneli inayotumika sasa

Si kila mtu hujenga kerneli nzima. Wengi wetu twataka kujenga moduli moja tu, kwa mfano dreva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kadi ya mtandao ambayo haimo katika kerneli tuliyo nayo. Hapo kosa huwa hivi:

make: *** /lib/modules/6.1.0-18-amd64/build: No such file or directory. Stop.

Maana yake ni kwamba karatasi za vipimo za kerneli unayoitumia hazipo. Amri ya uname -r hukuambia toleo lake, na katika Debian na Ubuntu dawa ni hii:

apt install linux-headers-$(uname -r)

Katika Fedora kifurushi huitwa kernel-devel, nacho lazima kiwe cha toleo lile lile.

Kuna mtego mmoja. Pengine kompyuta ilikwisha kupewa kerneli mpya, lakini haijazimwa na kuwashwa tena. Amri ya uname -r itataja ile ya zamani, ambayo vifurushi vyake huenda vimekwisha kuondolewa ghalani. Basi usihangaike kuzitafuta karatasi za zamani. Iwashe upya kompyuta, uingie katika kerneli mpya, kisha uchukue karatasi za hiyo.

Na asiye na intaneti? Aweza kuvichukua vifurushi kwa flashi kutoka kompyuta nyingine, lakini asichukue kimoja tu. Katika Debian 12 kifurushi cha linux-headers-6.1.0-18-amd64 hutegemea linux-headers-6.1.0-18-common, linux-kbuild-6.1 na linux-compiler-gcc-12-x86. Visipokuja pamoja, safari ni bure.

MAFAILI YALIYOHAMA

Yawezekana umefanya yote hayo, na bado faili la ukoo wa linux/ au asm/ halionekani. Basi lihesabu kuwa limehama. Kerneli hubadilika kila mara, na wenye kuitunza hawaahidi kwamba mafaili yake ya ndani yatakaa mahali pamoja. Dreva iliyoandikwa zamani huyaita kwa majina yake ya kale. Nataja machache:

Faili la linux/config.h liliondolewa katika toleo la 2.6.19, mwaka 2006.
Faili la linux/autoconf.h lilihamia generated/autoconf.h katika toleo la 2.6.33, mwaka 2010.
Faili la asm/system.h lilivunjwa vipande katika toleo la 3.4, mwaka 2012.
Faili la stdarg.h, ambalo hadi hapo kerneli iliruhusiwa kuliazima kwa kompaila, lilibadilishwa kuwa linux/stdarg.h katika toleo la 5.15, mwaka 2021.
Faili la asm/unaligned.h lilihamia linux/unaligned.h katika toleo la 6.12, mwaka 2024.

Kulitafuta lililohama si kazi ngumu. Simama katika folda ya chanzo, uandike:

find . -name unaligned.h

Kama limehama tu, dreva yaweza kuandikwa hivi ili ipatane na matoleo yote mawili:

#include <linux/version.h>
#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6,12,0)
#include <linux/unaligned.h>
#else
#include <asm/unaligned.h>
#endif

Lakini mara nyingi faili likihama, na kazi zilizoandikwa humo hubadilika. Afadhali utafute kwanza kama dreva hiyo ina toleo jipya, au kama kerneli mpya imekwisha kuiingiza dreva ya kifaa hicho ndani yake. Ikiwa ndivyo, hakuna haja ya kujenga cho chote.

FLASHI INAYOKULA MAFAILI

Sababu hii haiandikwi sana, nasi tusafirishao mafaili kwa flashi yatupata zaidi. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT, ambao hautofautishi herufi kubwa na ndogo. Lakini katika kerneli, ndani ya include/uapi/linux/netfilter, mna faili la xt_mark.h na jingine la xt_MARK.h, nayo ni mafaili mawili mbalimbali. Ukikifungua chanzo ndani ya flashi, moja litaliandika jingine juu, nawe hutaambiwa neno. Tena FAT haiwezi kuweka viungo, na chanzo cha kerneli kinavyo.

Basi usikifungue chanzo katika flashi. Kichukue kikiwa kimefungwa, katika hali yake ya .tar.xz, ambayo ni zaidi ya megabaiti 130, nawe ukifungue katika diski ya Linux yenyewe. Hakikisha kwanza nafasi ipo, maana kikifunguliwa huzidi gigabaiti 1, na kikijengwa huhitaji nyingi zaidi. Ukimaliza kunakili, tumia amri ya sha256sum kulinganisha faili ulilolipata na lile la asili. Namba zikitofautiana, limeharibika njiani.

USIAZIME KARATASI YA NYUMBA NYINGINE

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili. Mtu akisha kuona kwamba faili fulani limekosekana, wazo la kwanza ni kulichukua po pote linapopatikana: kulinakili kutoka kompyuta nyingine, au kuiunganisha folda ya build na chanzo cha toleo jingine, au hata kutengeneza faili tupu lenye jina hilo ili kompaila inyamaze. Na kweli mara nyingine hunyamaza. Kazi hutafsiriwa hadi mwisho, na mtu hufurahi.

Rudini kwenye mfano wetu. Seremala amekosa karatasi, akapewa karatasi ya nyumba nyingine. Hataona kosa lo lote katika karakana. Ataupiga randa mlango, ataupaka rangi, na utapendeza. Siku ya kuutia katika ukuta ndipo itakapojulikana.

Katika kompyuta ni hivi. Tuseme karatasi ya toleo la zamani yasema kwamba katika sanduku fulani kitu cha kwanza kiko kwenye baiti 0 na cha pili kwenye baiti 8. Katika toleo jipya pameingizwa kitu kingine katikati, na kile cha pili kimesogea hadi baiti 16. Moduli iliyojengwa kwa karatasi ya zamani itaandika kwenye baiti 8, ikidhani ni mahali pake, kumbe inaandika juu ya mali ya mwingine. Na kwa kuwa moduli hufanya kazi ndani ya kerneli, hakuna ukuta wa kuizuia. Kompyuta yaweza kuganda mara moja, na hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni kwamba iendelee, huku ikiandika upuuzi katika kumbukumbu, na kutoka kumbukumbu hadi diskini.

Kerneli inajaribu kutulinda. Kila moduli hutiwa alama ya toleo ililojengewa, nawe waweza kuisoma kwa amri ya modinfo -F vermagic. Alama isipolingana, kerneli huikataa moduli kwa kusema Invalid module format, yaani umbo lake halifai. Lakini iko amri ya kulazimisha, na watu huitumia.

Katika chumba chetu cha kompyuta jambo hili lilikaribia kutokea. Mashine mojawapo ilikosa dreva ya mtandao usio na waya, na fundi aliyeitwa aliiunganisha folda ya build na mafaili ya kerneli nyingine. Moduli ikajengwa, kerneli ikaikataa, naye akataka kuilazimisha. Mwalimu wetu akamwuliza swali moja tu: "Kwa nini imekataa?" Fundi hakuwa na jibu, na mwalimu hakuruhusu. Katika mashine ile zilikuwamo alama za mtihani za kidato kizima, na nakala nyingine haikuwapo. Kwanza zikanakiliwa, kisha tukaleta vifurushi vya toleo lile lile kwa flashi, moduli ikajengwa upya, na kerneli ikaipokea bila kulazimishwa. Kazi yote ilituchukua mchana mmoja.

Kukosa karatasi ni hasara ndogo, maana kazi husimama na kila mtu huona kwamba imesimama. Kupewa karatasi isiyo yako ni hasara kubwa, maana kazi huendelea. Kwa hiyo kompaila ikikuambia kwamba faili halipo, usiiudhikie. Inakuzuia mlangoni kabla hujavunja kitu ndani.

UTARATIBU KWA UFUPI

Kwanza, andika maneno yote katika faili, na utafute kosa la kwanza.
Pili, tazama ni nani anayetafuta: zana, kerneli, au moduli.
Tatu, tazama ni nini kinachotafutwa, na ni cha ukoo gani.
Nne, kama ni la zana, weka kifurushi cha karatasi zake. Kama ni la kuzaliwa, lizalishe. Kama ni la kerneli inayotumika, lete la toleo lile lile. Kama limehama, lifuate lilikohamia.
Tano, usinakili faili moja moja kutoka toleo jingine, wala usitengeneze faili tupu.
Sita, usilazimishe moduli iliyokataliwa kabla hujajua sababu ya kukataliwa.

Kwenu wadogo zetu mlio katika vidato vya chini: msiogope maneno mengi ya skrini. Someni mstari mmoja, mwulize neno moja, kwa maana kuuliza si ujinga. Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza, ambao wengine wenu mmetuletea kompyuta hizi: mnapotuletea mashine, tafadhali tuandikieni katika kipande cha karatasi aina ya kadi yake ya mtandao na toleo la Linux lililomo. Maneno hayo machache yatatupunguzia safari nyingi.

MAZOEZI

1. Mwanafunzi anajenga kerneli nzima, akaambiwa kwamba gelf.h haipo, na faili linalotafsiriwa limo katika folda ya tools/objtool. Faili lililokosekana ni la ukoo gani, na dawa yake ni nini katika Debian?

2. Mwanafunzi mwingine anaandika moduli, akaambiwa kwamba stdio.h haipo. Ndugu yake amshauri aweke vifurushi vipya. Eleza kwa nini shauri hilo halitamsaidia.

3. Amri ya uname -r inataja toleo moja, na katika folda ya /lib/modules mna matoleo mawili. Ni jambo gani la kufanya kwanza kabla ya kutafuta karatasi za vipimo?

4. Chanzo kilifunguliwa katika flashi, kisha kikanakiliwa diskini, na sasa xt_MARK.h haionekani. Je, kulinakili faili hilo moja kutoka kwa rafiki kutatosha? Toa sababu za jibu lako.